Vifaranga wa Mama Natalia kwenye Chumba cha Seva

Mwenzenu nimeshaaibika mara nyingi maishani. Nimeanguka na kreti ya soda ukumbini kwenye harusi ya binamu yangu, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia, na nimewahi kumkumbatia mwanaume wa watu pale Rhotia sokoni nikidhani ni kaka yangu (mke wake alikuwa nyuma yake, ameshika nyanya). Hayo yote naweza kuyasimulia huku nakula. Hili la vifaranga ndilo huwa naangalia kwanza nani amekaa karibu, na leo nalisema mwenyewe kwa sababu nimechoka kulisikia kwa madereva wa Karatu wanaolisimulia vibaya, eti seva ililipuka, eti kuna mzungu alizimia. Hakuna kilicholipuka. Na hakuna aliyezimia, ingawa mimi nilitamani sana.

Naitwa Paskalina, Paska kwa wanaonipenda, na ni fundi wa kompyuta wa loji moja iko njia ya Oldeani, juu ya mashamba ya kahawa, kwenye ile barabara ambayo ukifika salama unashukuru. Na tuelewane mapema, kazi naijua. Sisemi kwa majivuno (sawa, nasema kwa majivuno kidogo), lakini kabla sijaja mimi pale, umeme ukikatika vibaya mgeni aliyeweka nafasi ya chumba tangu mwaka jana alikuwa anaambiwa hajulikani. Mimi ndiye niliyewaambia wanunue seva ya bakapu, yaani mashine ambayo kazi yake ni moja tu, kuchukua nakala ya kila kitu kila usiku, ili kilichopo kikiharibika unarudisha cha jana na maisha yanaendelea. Ilikuwa inachukua nakala ya seva kubwa iliyo palepale, yenye bukingi zote na stoo na mishahara, na inachukua pia nakala ya barua pepe na kalenda zetu zilizo kwenye klaudi, yaani kwenye kompyuta za watu wa mbali ambazo tunazitumia kwa intaneti. Halafu, na hapa ndipo penye akili, ikishamaliza ilikuwa inatuma nakala ya pili ya hayo yote kwenda kutunzwa mbali, kwenye klaudi hiyohiyo, ili hata loji yote ikiungua bukingi zisiungue nayo. Nakala ya hapa, nakala ya kule. Mpango huo niliuweka mwenyewe na nikamweleza bosi mwenyewe, na bosi akaagiza nipewe chumba changu.

Bosi wetu ni Mzee Salmini. Alianza na duka la vipuri Karatu mjini, akaingia kwenye magari ya watalii, ndiyo akaja kujenga loji. Ni mtu wa swala tano na maneno machache, hapigi kelele kamwe, na kwa sababu hapigi kelele watu wote tunamwogopa.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka nyuma ya mapokezi. Kule kwetu kiyoyozi cha nini? Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka upande wa kreta unakaa mpaka watu wanywe chai ya saa nne, wafanyakazi wanatembea na mashuka ya Kimasai juu ya sare, seva zinafurahia. Na kwa kuwa mashine zinatoa joto mchana na usiku, chumba changu ndicho kilikuwa cha joto kuliko vyote pale ukiacha jikoni. Watu walikuwa wanakuja na visingizio. Huyu anakuja kuuliza nenosiri, huyu anakuja kuuliza kama intaneti ipo, wakifika wanageuza mgongo kwenye mashine wanaota moto. Mimi nilikuwa nawaacha, nikiringa kama mwenye nyumba.

Ndipo akaja Mama Natalia. Ni mkuu wa jikoni, mama wa makamo kutoka kwetu Rhotia, ananijua tangu navaa sare ya shule ya msingi, na akiniita "mwanangu" najua kuna kitu anataka. Mtoto wake wa mwisho alikuwa apate kipaimara mwisho wa mwaka, na yeye alikuwa amenunua vifaranga wa kuroila, wale kuku wa kukua haraka, awakuze kwa ajili ya sherehe. Kwetu kifaranga asiye na mama unamlea kwa jiko la mkaa, lakini nyumbani kwake msimu wa wageni hakuna mtu wa kukesha na jiko, na kwenye nyumba za wafanyakazi pale loji, ambazo ni za mbao, Mzee Salmini alipiga marufuku mkaa kabisa baada ya pazia la mtu kushika moto. Vifaranga walikuwa wameanza kufa kwa baridi. Alinijia na boksi amelificha chini ya kanga na alikuwa analia kweli, siyo ya kuigiza.

"Siku chache tu, mwanangu," akaniambia, "waote manyoya kidogo."

Nikakubali. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, na hata sasa mtu akija na chozi na boksi sijui kama ningeweza kukataa. Tuliliweka boksi nyuma ya seva ya bakapu, pale feni inapotolea hewa ya moto, na wale vifaranga wakanyamaza palepale, wakafumba macho, wakalala. Mama Natalia akanibariki kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, na kuanzia siku ile chai yangu ya asubuhi ilikuwa inakuja na andazi ambalo wengine hawapati.

Sasa kumbe joto lile lilikuwa halitoshi usiku kucha. Baada ya saa sita za usiku, ambapo baridi ya Oldeani inakuwa haina utani, kwa ratiba yangu mashine ilikuwa imeshamaliza kuchukua nakala na inatuma ile ya pili kwenda mbali. Kutuma si kazi nzito, mashine inakaa tu inaisubiri intaneti yetu ya mlimani, inapoa. Asubuhi moja nikakuta vifaranga wamerundikana kona moja na wawili hawaamki. Niliumia, jamani. Nilikuwa nimeshawazoea, nilikuwa nawasalimia kabla ya kumsalimia meneja.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo nilishawaambia ninayo, ikafanya kazi upande usiofaa. Ile programu ya bakapu ina kazi nyingine inaitwa kuhakiki. Inafungua kila nakala, inaisoma yote mwanzo hadi mwisho kana kwamba inairudisha kweli, ili uwe na hakika kwamba siku ya siku itakubali. Hiyo ni kazi nzito, mashine inahema, feni inanguruma, joto linalotoka nyuma unaweza kukaushia soksi. Nikasema basi, tuhakiki usiku kucha. Tatizo, kwa jinsi nilivyoipanga mashine yetu ilikuwa haiwezi kuhakiki na kutuma kwa wakati mmoja, lazima moja isubiri. Nikasimamisha kutuma. Programu ikaniuliza sababu ya kusimamisha (huwa inauliza, ina adabu), nikaandika "Vifaranga", nikabonyeza, nikacheka peke yangu. Nilijiambia wakikua nitarudisha.

Na kitaalamu siyo kwamba nilikuwa mjinga mtupu. Nakala zilizohakikiwa usiku mzima, kila usiku, Karatu nzima nadhani nilikuwa nazo mimi peke yangu. Vifaranga walinawiri. Wakaota mabawa, wakaanza kuruka nje ya boksi, nikaweka kipande cha mbao mlangoni wasitoke, wakawa wanatembea chumba kizima kama wakaguzi. Mama Natalia alikuwa anawaletea pumba asubuhi, na mimi nilikuwa nafagia mwenyewe kwa sababu mfanya usafi asingeweza kutunza siri ile hata kwa kiapo. Siku chache zikawa wiki, wiki ikazaa wiki.

Halafu meneja wetu, Bwana Bayo, akatuita kutupa habari. Bwana Bayo ni mtu mwema lakini mwenye wasiwasi, hata akikwambia habari njema anakuambia kama msiba. Alisema kuna kampuni ya Arusha imemfuata Mzee Salmini, inataka ikabidhiwe kompyuta zote za loji, ilinde kila kitu ikiwa hukohuko Arusha, na bosi ameikubalia imlete mtu wao Ijumaa aje aangalie nilivyopanga. Akiridhika na kazi yangu, mambo yanabaki yalivyo. Asiporidhika, wao wanachukua, na mimi natafuta pengine. Nilimwambia Bwana Bayo asiwe na hofu, aje hata na wenzake, nitawafundisha. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno, na watu walinisikia.

Alhamisi nikamwambia Mama Natalia vifaranga waondoke. Akasema sawa, kesho wageni wakishakunywa chai, kuna mtu wa Rhotia anakuja na pikipiki. Mkaguzi alikuwa aje mchana, kwa hiyo muda ulikuwepo. Na ile nakala ya kule? Nilijipa moyo kwamba nitaiwasha Ijumaa hiyohiyo vifaranga wakishatoka, nani ataangalia.

Ijumaa walikuja wakati chai ndiyo inamiminwa. Mzee Salmini alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe kwa ajili ya swala ya mchana, na kando yake kijana mmoja nadhifu wa Arusha, kabegi mgongoni, akajitambulisha kuwa ni Jofrey. Mapokezi palikuwa pamejaa. Ukungu ulikuwa haujaondoka, wageni waliokuwa wateremke kreta walikuwa wamekaa wanasubiri na kofia zao, na madereva wamesimama mlangoni. Nikamwamkia mzee, nikampa Jofrey mkono, na badala ya kuwapeleka chumbani nikaanza kuhutubia palepale. Nilieleza bakapu ni nini, nikaeleza nakala ya hapa na nakala ya kule, nikaeleza kwa sauti, nikachora hewani kwa mikono, na naomba niseme nilieleza vizuri sana, hata dereva mmoja akawa anaitikia kwa kichwa.

Ndipo vifaranga wakaanza. Nadhani walisikia sauti yangu wakajua ni muda wa pumba. Mlio ukatoka nyuma ya mlango, mkali, wa wengi, haukatiki, na Jofrey akaacha kunisikiliza akageuza sikio. Nikamwambia ni UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, huwa inalia.

"UPS ya aina gani hiyo, dada?" akauliza, kwa heshima kabisa.

"Ya kisasa," nikamjibu.

Kama ningesema ni redio labda tungepona. Lakini Bwana Bayo, aliyekuwa amesimama kaunta, aliwahi kuambiwa, na aliyemwambia ni mimi, kwamba UPS ikilia mfululizo maana yake inaweza kushika moto. Alikuwa na ufunguo wa akiba. Mimi nikiwa nimeanza kueleza kwa nini mlango ule usifunguliwe wakati mashine inahakiki (nilisema joto likitoka nakala zinasumbuka, Mungu anisamehe), yeye alishapita nyuma yangu, akafungua, akaikanyaga ile mbao ikaanguka.

Walitoka wote. Harufu ilitangulia, wakafuata wao, wanakimbilia mapokezi kwa mabawa yale mafupi, wakapita chini ya viti vya wageni, juu ya mabegi, mmoja akaingia ndani ya buti la mtalii lililokuwa limevuliwa. Wageni walishika simu zao wakaanza kuchukua video wakicheka kwa furaha, mama mmoja mzungu akamwuliza dereva kama hii ni sehemu ya safari. Mmoja alikwenda moja kwa moja chini ya kanzu ya Mzee Salmini. Mzee hakusogea. Alisimama tu, ananitazama mimi, wakati kanzu yake inatikisika chini.

Mama Natalia alitoka jikoni na beseni, anawaita, na sisi wengine tukawa tunakimbiza. Bwana Bayo akaingia chumbani kumfuata mmoja aliyerudi ndani, akainama, mguu ukashika waya wa ekstensheni, akauvuta. Nilisikia seva kubwa inanyamaza. Kama hujawahi kufanya kazi hii huwezi kujua ukimya ule unavyouma, ni kama mtu amekuzimia taa ndani ya kifua. Tuliirudisha kwenye umeme, ikawaka, lakini mfumo wa bukingi ukakataa kufunguka. Ulikuwa umekatwa katikati ya kuandika, na ulichokuwa unaandika kikaharibika na kuharibu vingine. Wageni wa kuondoka walikuwa kwenye foleni, wa kuingia walikuwa njiani, na majina ya msimu wote mpaka Krismasi yalikuwa humo.

Jofrey, ambaye alikuwa ameshika kifaranga mkono mmoja, aliniambia kwa upole kwamba hakuna shida, nakala ya klaudi si ipo, tuanzie hapo. Nikasema hakuna haja, ya hapahapa ina kasi zaidi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nilijua moyoni kwamba nimesema kweli moja ili nifiche nyingine.

Nikaanza kurudisha. Ikaenda vizuri kidogo, halafu mashine ya bakapu yenyewe ikajizima. Nikaiwasha, ikajizima tena. Nikaigusa, ilikuwa ya moto kama pasi. Nikafungua kifuniko mbele ya watu wote, na ndani, ndugu zangu, sijui niseme nini, kulikuwa na manyoya laini ya vifaranga na vumbi la pumba limeshonana kwenye feni mpaka haizunguki. Wiki zote zile ilikuwa inavuta hewa kutoka chumba kile kile. Jofrey akauliza tena kuhusu nakala ya klaudi. Nikasema na ukungu huu intaneti haina nguvu.

Hapo sasa nilijua kwamba kila kitu kiko ndani ya kile kisanduku kilichojaa manyoya, na duniani kote hakuna kingine. Nikakibeba kifuani kama mtoto nikatoka nacho nje mbio hadi kwenye banda la magari. Pale kuna kompresa ambayo madereva wanatumia kupulizia vumbi kwenye vichujio vya hewa vya Landikruza zao wakirudi porini. Nikamwambia dereva apulize, taratibu, kwa mbali, huku nimeshika feni kwa kidole isizunguke ikaharibika (kazi naijua, nilishasema). Akapuliza. Pumba yote ikanirudia mimi. Nilitoka banda lile nimepakaa unga kuanzia nywele hadi kope, na mapokezi nzima ilikuwa imehamia nje inatazama, wageni, wafanyakazi, bosi, na Jofrey na kifaranga wake.

Tukarudi ndani. Nikaiwasha, haikujizima. Feni ikazunguka vizuri, na mimi heshima ikaanza kunirudia kwa kasi kuliko ilivyostahili. Nikafikiri, watu hawa wameniona nimepakwa pumba, sasa wanione nikifanya kazi yangu. Pale mapokezi kuna tivii kubwa inayowaonyesha wageni simba. Nikaiunganisha na kompyuta yangu. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu watu wote waone.

Na waliona. Mstari wa kijani ulikuwa unasogea kidogo kidogo kwenye tivii, Mama Natalia yuko pembeni na beseni lake anasali rozari kwa midomo tu, na mstari ukafika mwisho. Nikafungua mfumo wa bukingi. Majina yote yalikuwepo, ya wa kuondoka, ya wa kuja, mpaka Krismasi. Zile nakala zilikuwa zimesomwa usiku baada ya usiku na hata herufi haikukosekana. Watu wakapiga makofi, wageni na wapishi pamoja, Bwana Bayo akafuta macho, na mimi nikainua mikono miwili juu, na pumba ikadondoka.

Nikiwa bado nimeinua mikono, programu ikafanya inachofanya siku zote ikimaliza kazi, ikarudi kwenye ukurasa wake wa mwanzo. Nakala ya hapa, kijani. Chini yake nakala ya klaudi, nyekundu, herufi kubwa, imesimamishwa wiki tatu. Aliyesimamisha, Paskalina. Sababu, Vifaranga.

Maelezo mengine yote yalikuwa ya Kiingereza, lakini neno lile nililiandika mwenyewe kwa Kiswahili safi, hakuna mfanyakazi aliyeshindwa kulisoma. Makofi yakafa moja moja. Jofrey alitazama chini, na nampenda mpaka leo kwa kutazama chini. Mzee Salmini akaisogelea tivii, akavaa miwani, akasoma yote hadi mwisho bila haraka, kisha akanigeukia.

"Leo mashine imekubali," akasema. "Ingekataa, ungenipa nini?"

"Nisingekuwa na cha kukupa, mzee."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyofungasha vitu vyangu. Mzee akavua miwani. Hakunifokea. Aliniambia niiwashe sasa hivi, palepale, tukiwa tunaona. Nikamweleza kwamba ni nakala za wiki tatu zimelundikana, zikianza kutumwa mchana intaneti yote ya loji itakwama mpaka jioni, na wageni wanaitegemea, kwa nini tusisubiri usiku. Akasema iwashwe. Nikaiwasha.

Haikuchukua muda simu za wageni zikaanza kugoma. Zile video za vifaranga walizokuwa wanazituma makwao zikawa zinazunguka tu, mmoja akanyanyuka kwenda mapokezi kulalamika, mwingine akafuata. Nilitegemea Mzee Salmini amwite Bwana Bayo ashughulike nao, au aniite mimi. Hakuniita. Alichukua birika la kahawa mwenyewe, na kanzu yake ile yenye alama ya kifaranga chini, akaanza kupita meza kwa meza. Kiingereza chake ni cha dukani, cha kuuzia vipuri, lakini kilimtosha. Kwenye kila meza alimimina kahawa, akaweka mkono kifuani, akasema intaneti leo ni nzito, kosa ni langu, naomba radhi. Kosa ni langu. Mtu wa umri wa baba yangu, mwenye loji, anainamia watoto wa watu wenye kaptula na kuwaomba radhi kwa jambo ambalo hata hajui linavyofanya kazi, kwa sababu mimi nilitaka kuhifadhi vifaranga na nikataka pia kuonekana hodari.

Nilisimama pale kaunta na pumba yangu usoni nikalia. Sikulia tivii iliponiumbua, nililia mzee alipofika meza ya tatu. Kisha nikanawa uso, nikachukua sukari, nikamfuata nyuma. Hakugeuka. Tulipofika meza ya wale wazee wawili wa kizungu dirishani, kabla hajafungua mdomo nikamtangulia, nikawaambia kosa si lake, ni langu mimi, mimi ndiye fundi. Mzee akanipisha. Meza zilizobaki nilizimaliza mwenyewe, naye akawa anamimina tu.

Jofrey aliondoka jioni, ukungu umeshatoka, nakala imeshafika kule. Bosi alimwambia asante, mtu wa kazi hii tunaye. Sijui waliongea nini zaidi garini. Mimi hakuniambia lolote wala hajawahi kuniambia tangu siku ile, na ningependa angenifokea yakaisha. Vifaranga walienda Rhotia kwa pikipiki, na kipaimara kilipofika nililetewa paja zima kwenye sahani, nikalila, lilikuwa tamu sana (sina kinyongo na mnyama).

Kwa hiyo mkinisikia siku hizi naitwa Mama Kuku pale Karatu, ni kweli, na ninaitika. Kazi bado naijua, na sijapunguza majivuno sana. Ila nimejiapia jambo moja. Ile nakala ya kule siisimamishi tena, hata aje nani na chozi gani na boksi gani, na siku intaneti ikiwa nzito pale loji simsubiri mgeni anyanyuke. Nachukua birika, naenda mezani kwake, namwambia ni mimi.